Nyumba Ambayo Mkwe Haingii

Voi, Alhamisi, Desemba

Jua limewaka tangu asubuhi kana kwamba halijawahi kusikia habari ya mvua. Tope la barabarani limekauka na kupasuka vipande vipande, na upepo ukivuma kutoka upande wa mashamba ya mkonge unaniletea vumbi mpaka mezani. Wiki tatu zilizopita nilipita barabara hii hii nikiwa nimekunja suruali hadi magotini. Leo kila karatasi ninayoishika lazima niipulize kwanza.

Sijaandika humu tangu mto ulipotoka kingoni. Si kwamba nilikosa la kuandika. Niliandika mno, ila niliandika kwenye fomu, na mtu aliyejaza fomu kutwa nzima hana hamu ya kuiona kalamu tena akifika nyumbani. Nimelirudia daftari hili kwa sababu leo nimefanya jambo ambalo sitaweza kulieleza ofisini.

Nitaanza mwanzo, ili siku nikilisoma tena nisijidanganye.

Mto ulitoka siku ya Jumapili watu wakiwa kanisani. Hapa kwetu bondeni hapakuwa na tone la mvua. Ilinyesha huko juu milimani, na maji yakatushukia chini ya anga jeupe, yakiwa na magogo, mabua na kuku. Kwa kuwa watu walikuwa kanisani, hakufa mtu. Nyumba thelathini na moja za ukingoni ziliingia maji, na maji yakakaa humo siku tatu. Reli ilifunikwa, treni ya Mombasa ikalala stesheni, na abiria wakala kila andazi lililokuwa Voi.

Hizo nyumba thelathini na moja ninazijua kwa sababu ni mimi niliyezihesabu. Mimi ni karani wa chifu, mwaka wa tisa huu. Nina sifa moja tu, na naikubali: siandiki nisichokiona. Chifu hunitania mbele za watu kwamba mimi hata nikiambiwa kumekucha nitatoka nje kwanza nikaangalie. Watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini ukweli ni kwamba maneno yale yananipendeza sana.

Siku ya nne baada ya mto kurudi mahali pake, alikuja ofisa mzungu wa wilaya, ambaye sisi sote tunamwita Bwana Shauri. Alisimama juu ya lori akafanya baraza. Alisema serikali itatoa posho mpaka mavuno, itatoa mbegu za kupanda mvua za Machi, na nyumba iliyoanguka itapata mabati. Watu wakapiga makofi. Kisha akatoa sharti. Mahali fulani, hakusema wapi, watu waliwahi kudai mbuzi ambao hawakuwa nao tangu kuzaliwa. Kwa hiyo safari hii karani ataingia ndani ya kila nyumba, aione hasara mwenyewe, ndipo atie sahihi. Mstari wa mwisho wa fomu unauliza: je, karani ameiona hasara hii kwa macho yake? Chini yake imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba karani atakayesema uongo atafukuzwa kazi na kushitakiwa. Bwana Shauri aliongeza kwamba yeye mwenyewe atachagua nyumba kadhaa aende kuhakikisha.

Tuligawana kazi na Kilonzo, karani mwenzangu, Mkamba mmoja mpole anayependa kuvaa koti hata kwenye joto. Yeye alichukua upande wa stesheni na maduka. Mimi nikachukua ukingo wa mto, kwa sababu huko ni watu wa kwetu, Wadawida walioshuka kutoka milimani kulima bonde.

Nyumba ya kumi na saba ukingoni ni ya mama mkwe wangu.

Jina lake sitaliandika hata humu, mkono unakataa. Watu humwita Mama Mkawasi, kwa jina la binti yake, ambaye ndiye mke wangu. Ni mjane. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, akajipatia kipande cha shamba kando ya mto, akafa kabla hajakifaidi. Tangu hapo mama huyu amelilima shamba hilo peke yake. Shemeji yake, Mwadime, amekuwa akilizungukia kwa macho miaka yote hiyo. Hasemi kitu. Anangoja msimu mmoja tu ambao mjane atashindwa kupanda, ili aseme mbele ya wazee kwamba shamba la kaka yake limekosa mtu.

Ndiyo maana mbegu ni jambo kubwa kuliko posho. Posho tungeweza kumsaidia sisi. Lakini mbegu zinazofaa shamba lile huwezi kuzipata popote baada ya mafuriko, maana ukingo mzima ulipoteza za kwake. Mama huyu alizitundika zake darini, juu ya jiko, ambako moshi huzilinda na wadudu. Chakula chake cha mwaka kilikuwa huko huko. Maji yalipoingia, ukuta mmoja ulilegea, nguzo ikateleza, na dari yote ikaanguka ndani ya maji ikiwa na mahindi yake.

Asipopata mbegu za serikali, Machi hapandi. Asipopanda, shamba linakwenda. Ni hivyo tu, hakuna fumbo.

Sasa, kwetu mwanaume haingii nyumba ya mama mkwe wake. Huishia uani. Akikutana naye njiani, mmoja huacha njia. Haongei naye ana kwa ana, wala hali mbele yake. Nimemwoa Mkawasi miaka kumi na miwili, na sura ya mama yake naijua kwa kuichungulia, jicho moja likiwa chini. Padri aliwahi kutuhubiria kwamba mambo haya ni ya giza na Mkristo hayahitaji. Niliitikia amina pamoja na kwaya yote, kisha nikaenda zangu nyumbani kwa njia ya mbali ili nisipite mlangoni kwake.

Siku ya kuandika nyumba ya kumi na saba nilifika nikasimama uani karibu na kinu kilichopinduka. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta uliobaki. Katikati yetu alisimama jirani yake, Wakio, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ambaye ndiye hutubebea maneno.

"Mwambie karani mahindi yote yalikuwa darini," ilisema sauti nyuma ya ukuta.

Wakio akanigeukia. "Karani, mahindi yote yalikuwa darini."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie na mbegu pia."

"Na mbegu pia," akasema Wakio. Kisha akaongeza la kwake mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Na sasa ni nani ataingia aone?"

Harufu ilikuwa inatufikia pale nje, kali na chachu, ya mahindi yanayooza kwenye maji ya joto. Hakuna mtu mwenye pua ambaye angehitaji kuingia. Lakini fomu haikuuliza habari ya pua.

Nikasema, "Nitaandika."

Niliandika kwamba nyumba imeanguka upande mmoja. Niliandika kwamba mwenyewe anaeleza mahindi na mbegu vilikuwa darini. Kwenye mstari wa mwisho, je, karani ameona, niliandika: Hapana. Nikatia sahihi, nikaenda nyumba ya kumi na nane.

Nataka niseme wazi kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile Kilonzo alikuwa hapo hapo stesheni. Ningemwomba abadilishane nami nyumba moja tu, angekubali kabla sijamaliza kusema. Mtu yeyote angeelewa. Sikumwomba. Niliogopa isije ikasemwa kwamba karani anahangaika kwa ajili ya wakwe zake, kwamba ana nyumba anazozitafutia watu wa kuzionea huruma. Nikajiambia kuwa nimeandika ukweli mtupu, na kwamba ukweli utajitetea wenyewe bomani. Jioni ile nilikula vizuri, nikajisifu moyoni.

Ulikuwa ni woga.

Jumatatu ya wiki hii tarishi alileta orodha kutoka bomani. Nyumba thelathini zimekubaliwa. Moja imepigwa mstari mwekundu, na pembeni imeandikwa: haikuthibitishwa. Ukingo mzima ukaisoma, maana ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, na aliyeibandika ni mimi.

Mkawasi anasoma vizuri, alifika darasa la sita misheni. Alisimama mbele ya ukuta ule na kikapu chake, akasoma majina yote taratibu mpaka mwisho, akaenda zake. Nyumbani aliniwekea chakula, akanipa mgongo. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alipomaliza kuosha vyombo ndipo akasema, akiwa bado amegeukia upande mwingine, akiniita kwa jina la mwanetu, "Baba Mwakio, mama yangu hajawahi kumwomba mtu kitu. Hiki kimoja alikiomba kupitia kwako."

Nikainuka nikaenda kuketi nje.

Jumanne asubuhi nilimfuata Bwana Shauri stesheni, alikokuwa akikagua magunia ya posho. Nilimweleza habari ya nyumba ya kumi na saba. Alinisikiliza vizuri.

"Wewe iliona ama hapana?" akauliza.

"Sikuona, bwana."

"Sasa nenda, ona. Mimi nataka karatasi Ijumaa."

Nikajaribu kumweleza kwa nini siwezi kuingia. Alicheka, si kwa ubaya. Akasema hata kwao wanaume wanamwogopa mama wa mke. Alinipiga bega akarudi kwenye magunia yake. Aliamini amenielewa kabisa, na sikuona ningeanzia wapi kumwambia kwamba hapana.

Nilimtafuta Kilonzo. Alikuwa amepelekwa Kasigau kuandika wa huko, na njia ya Kasigau ilivyokatika, harudi kabla ya wiki ijayo. Kwa hiyo nilikuwa mimi, au hakuna mtu.

Jumanne mchana Mkawasi alikwenda kwa mama yake kumwambia kwamba Alhamisi karani ataingia ndani. Nilitaka nimpe maneno ya kusema, akaniambia anayo ya kwake. Aliporudi, miguu ikiwa na vumbi mpaka magotini, nilimuuliza mama amesema nini.

"Amesikia," akasema Mkawasi. "Amesema atakupa nafasi."

Nilifikiri maana yake ni kwamba atakwenda kusimama uani kwa Wakio.

Leo nilifika saa tatu asubuhi, fomu mpya mfukoni. Wakio alikuwa ananingoja njiani, si uani. Akaniambia mama mkwe hayupo. Ameondoka alfajiri kwa miguu kwenda kwa kaka yake, huko juu milimani, na hatarudi mpaka Jumamosi.

"Na mguu wake ule?" nikauliza. Ana mguu unaomsumbua, kila mtu ukingoni anajua.

"Kaenda nao," akasema Wakio. "Alisema asiwe karibu, hata uani kwangu asiwepo. Wewe uingie tu kama unavyoingia nyumba nyingine za watu."

Kutoka hapa mpaka kwa kaka yake ni mwendo wa saa nne kwa mtu mwenye afya, na karibu njia yote ni ya kupanda. Nilivua kofia, nikavua na viatu, nikainama mlangoni nikaingia.

Ndani palikuwa safi.

Naandika neno hilo na bado silipendi. Ukuta uliolegea ulikuwa umenyooshwa na kuegemezwa kwa boriti mpya za mkonge. Kuta zote zilikuwa zimekandikwa udongo upya kuanzia chini mpaka kwenye paa, alama ya maji haikuonekana popote. Sakafu ilikuwa imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe, bado ina unyevu, na unaona mistari ya vidole ilivyopita sambamba toka ukutani mpaka mlangoni. Mafiga yameoshwa. Dari imerudishwa juu, tupu, mbao zake zimesuguliwa. Hapakuwa na punje moja ya mahindi. Hapakuwa na harufu.

Wakio alisimama mlangoni nyuma yangu. Nikamuuliza yako wapi yaliyooza.

"Tuliurudishia mto," akasema. "Mimi na yeye na akina mama wawili wa pale chini. Siku mbili, Karani, kutwa kucha, kwa ndoo na kwa mikono. Alisema usikute hata moja."

"Lakini mimi nilikuwa nakuja kuyaona hayo hayo."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Angekuacha uingie kwenye uvundo? Wewe, mkwe wake, mara ya kwanza kuingia?"

Nilisimama katikati ya nyumba na fomu mkononi. Kama ningekuwa Bwana Shauri, mama huyu angeyaacha mahindi yake yalale pale pale yalipoangukia, na mzungu angeziba pua akaandika. Kama ningekuwa Kilonzo, vivyo hivyo. Mkawasi alimwambia karani anakuja kuona hasara. Yeye akasikia kwamba mkwe anakuja nyumbani. Akafanya kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya, akaitoa kwa mikono yake hasara yote ambayo ingempa mbegu.

Kwenye kigoda katikati ya chumba palikuwa na sahani ya bati imefunikwa kwa kawa.

"Ni yako," Wakio akasema. "Alipika kabla hajaondoka."

Nilitaka kukataa, na nilijua haiwezekani. Mkwe aliyeingia akatoka bila kula amesema jambo baya kuhusu nyumba ile, na akibakisha, amesema jambo baya kuhusu mpishi. Nikaketi. Wakio akageuka akatazama nje, ili nile bila kutazamwa. Ilikuwa ugali na mchicha. Ugali ulikuwa wa rangi ya kijivu.

Tonge la kwanza lilikwaruza meno. Mchanga wa mto. Kisha ikaja ile harufu, kidogo sana, iliyokwisha kuoshwa mara nyingi, lakini ni ile ile niliyoinusa uani wiki mbili zilizopita nikaiacha nje ya fomu. Nikaacha kutafuna.

"Wakio. Unga huu umetoka wapi?"

"Kwenye yale yale," akasema, bado ametazama nje. "Kabla hatujayatupa aliyachambua, moja moja. Yale ambayo moyo wake bado mweupe aliyaosha, akayaanika kwangu juu ya paa. Yalitoka kibaba kimoja."

"Na unga aliouleta Mkawasi wiki iliyopita? Nusu debe nzima?"

"Ule aliwapikia watoto wangu. Alisema ataonekanaje, kumpikia mkwe unga wa mkwe mwenyewe."

"Na yeye amekula nini leo?"

Wakio alijifunga leso yake upya, ingawa haikuwa imelegea. "Alisema atakula kwa kaka yake."

Niliendelea kula. Nilikula polepole, mchanga ukilia menoni, na nikamaliza. Nilipangusa sahani kwa tonge la mwisho, nikalila na lenyewe. Niliona haya namna ambayo sijaona tangu nikiwa mtoto mdogo. Macho yaliniwasha pia, na sitasingizia moshi, maana jiko lilikuwa baridi.

Kisha nikaweka fomu gotini.

Kwanza nilijaribu kueleza. Niligeuza karatasi upande wa nyuma nikaanza kuandika kwamba nyumba imesafishwa kwa sababu za heshima, kwamba karani ameonja mahindi yaliyoharibika na anathibitisha kwa mdomo wake. Nilisoma nilichoandika kwa macho ya Bwana Shauri. Nikamwona akicheka tena, akinipiga bega, akichukua kalamu nyekundu. Nikaichana. Nilikuwa na fomu nyingine mfukoni, karani hatembei na moja.

Kwenye ile ya pili niliandika kwa mwandiko wangu wa ofisini. Mahindi yote ya darini pamoja na mbegu yameoza na kupotea. Chini: je, karani ameiona hasara hii kwa macho yake? Ndiyo. Tarehe. Sahihi.

Nilipuliza wino mpaka ukakauka.

Wakio hajui kusoma. Aliniuliza kama imetosha. Nilimwambia imetosha. Nikavaa viatu vyangu uani.

Saa sita nilimpa tarishi bahasha aipeleke bomani. Nilimwona akiifunga kwenye mkoba, akipanda baiskeli, akipotea nyuma ya vumbi. Ningeweza kumwita wakati wowote mpaka alipofika kwenye kivuko cha reli. Baada ya hapo nisingeweza.

Nilipokwenda nyumbani kula, Mkawasi alikuwa anapeta mtama. Hakuuliza habari ya fomu.

"Ulikula?" akauliza.

"Nilikula."

"Ulibakisha?"

"Sikubakisha."

Ungo ulisimama kidogo mikononi mwake, kisha ukaendelea. "Vizuri," akasema. "Atakuwa amekwenda na wasiwasi kama utakipenda chakula chake." Akanisogezea kigoda karibu naye, jambo ambalo hajafanya tangu Jumatatu. Sikuketi kula, nilikuwa nimeshiba chakula cha mtu mwingine. Niliketi tu.

Sasa ni saa kumi jioni na ofisi imebaki mimi na nzi. Nimekuwa nikijiuliza ni lini hasa nilisema uongo. Leo nimeandika kwamba nimeona kitu ambacho sikukiona. Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba sikuona, na niliyaandika maneno hayo nikiwa nimeziba pua. La leo linaweza kunifukuzisha kazi na kunipeleka mbele ya hakimu. La siku ile lilinipa usingizi mzuri. Sitaki kulipamba jambo hili. Nina watoto wanne, na kazi hii ndiyo inayowasomesha. Kama Bwana Shauri, kati ya nyumba zote thelathini na moja, ataichagua ya kumi na saba akaja kuhakikisha, atakuta nyumba safi kuliko zote ukingoni, na jina langu chini ya karatasi inayosema vingine.

Anaweza kuja Jumatatu. Wakati huo mama mkwe atakuwa ameshuka, atakuwa nyumbani kwake, pengine jikoni.

Akija, nitatangulia mimi mlangoni. Nitaingia, nitasimama pale kwenye sakafu yake aliyoisiriba, na nitamweleza Bwana Shauri nilichokula, tonge kwa tonge, mama huyu akisikia kila neno. Na safari hii sitamtuma Wakio.